Sauti ya Nne

NORBERT: Haloo? Haloo? Ni nani?

GODELIEVE: We ndiye unaita, tena we ndiye unauliza? Sema, ni nani?

NORBERT: Samahani, papa. Réseau ya simu hapa Fizi iko mubaya. Naomba kusema na Mama Godelieve. Yule wa kwaya, wa muji ya Baraka.

GODELIEVE: Ni mimi.

NORBERT: Hapana, papa, nasema Mama Gode—

GODELIEVE: Ni mimi, Norbert.

[Laini inakwaruza.]

NORBERT: Ee Mungu. Dada yangu. Nisamehe. Ni hii simu, inageuza sauti yako kuwa ya mwanaume.

GODELIEVE: Simu haijageuza kitu. Ni hii hii sauti. Haukuitambua?

NORBERT: Nili... nilifikiri ulipona.

GODELIEVE: Nilipona. Mutu anapona, sauti inabaki vile. Aksanti kuuliza, imepita tu misimu miwili ya muhogo.

NORBERT: Usiseme hivyo. Kila siku mu maombi natajaka jina lako.

GODELIEVE: Na Mungu anakuuliza nini?

NORBERT: Anauliza nini kivipi?

GODELIEVE: Ukitaja jina langu. Haulizi kitu?

NORBERT: [anacheka kidogo] Bado unapenda mizaha. Voilà, ni Godelieve mwenyewe. Habari ya batoto? Habari ya Baraka?

GODELIEVE: Batoto bazima. Baraka iko pale pale. Unités za simu ni zako, Maestro, usizimalize na salamu.

NORBERT: Ndiyo, ndiyo. Bon. Nilikua nakaa hapa na kwaya, tuko mu répétition, tunajizoeza, tukaanza kukumbuka siku za zamani. Nikasema, acha nisalimie dada yangu.

GODELIEVE: Umenisalimia. Aksanti. Mungu akubari—

NORBERT: Ngoja! Ngoja, usikate. Kuko na kakitu kadogo.

GODELIEVE: Naam.

NORBERT: Ile wimbo. *Mama wa Njiani*.

GODELIEVE: Wimbo yako.

NORBERT: Hee... yetu. Ya kanisa. Wimbo ni ya Mungu, sindiyo?

GODELIEVE: Mu redio nilisikia banasema, "imetungwa na Maestro Norbert wa Fizi." Hawakusema Mungu. Labda muda ulikua mufupi.

NORBERT: Batu ba redio! Unabajua. Unabaambia hivi, banasema vile.

GODELIEVE: Kabisa.

NORBERT: Donc. Ile wimbo. Kesho ni jubilé ya kanisa, kwaya zote zitashindana, unajua. Kwaya itakayoshinda itaenda Bukavu, itarekodi mu studio nzuri. Leo asubuhi Pasta mugeni wa Uvira alikuja kutusikiliza. Yule anafundishaka muziki. Tukaimba. Bamama nje bakalia.

GODELIEVE: Muzuri.

NORBERT: Yeye hakulia. Alikunja mikono. Akasema, "Maestro, huyu mama wa wimbo anashuka mulima na mzigo ku kichwa. Anaita tangu mwanzo mpaka mwisho. Mbona hakuna anayemujibu? Mungu yuko wapi mu hii wimbo?"

GODELIEVE: [kimya]

NORBERT: Haloo?

GODELIEVE: Nipo. Na besi banaimba nini?

NORBERT: Besi... banafuata tenori. Chini kidogo.

GODELIEVE: Banafuata tenori. [anakohoa] Sawa na mbuzi.

NORBERT: Pasta naye alisema hivyo. Mbuzi hakutaja. Alisema wimbo iko na miguu tatu, ilitengenezwa kuwa na inne. Akanipiga ku bega, akasema, "We ndiye mutungaji. Kesho utuletee yote."

GODELIEVE: Na we ulimujibu nini?

NORBERT: Nilisema, "Amina."

GODELIEVE: Amina!

NORBERT: Ningesema nini? Kwaya nzima ilikua pale!

GODELIEVE: Ungesema, "Pasta, wimbo ni ya Godelieve wa Baraka, nenda kamuulize."

NORBERT: Ni kwa sababu hiyo nakuita, dada. Nimekuja kwako mwenyewe. Nakumbuka namna yako ya kufundisha. Soprano peke yao kwanza, mpaka baive. Nyuma alto. Nyuma tenori. Besi unabaita ya mwisho.

GODELIEVE: Na we ulikua unanicheka. "Nyumba gani inaanza kujengwa na bati?"

NORBERT: Ilikua mchezo.

GODELIEVE: Ndiyo namna yangu. Naanza na bati. Msingi naweka mwishoni, wakati najua nyumba itakua nzito kiasi gani. We haukungojea. Ulichukua bati langu ukakimbia nalo Fizi, ukalitundika mu hewa. Sasa mvua imekuja unaniita.

NORBERT: Sikukimbia. Nilipewa kazi ya kwaya huku.

GODELIEVE: Ulipewa kazi kwa sababu ya wimbo gani?

NORBERT: [kimya]

GODELIEVE: Réseau imekatika?

NORBERT: Niko.

GODELIEVE: Nilifikiri ni réseau.

NORBERT: Godelieve, ulikua mugonjwa. Uvimbe mu koo, mukubwa sawa yai. Hatukujua kama utapona. Je, wimbo ife na mutu?

GODELIEVE: Nilirudi kutoka hospitali na bandeji hapa. Nilikuja moja kwa moja ku répétition, hata nyumbani sijafika. Unakumbuka?

NORBERT: Ni bintu bya zamani.

GODELIEVE: Nilifungua kinywa niimbe solo yangu. Ikatoka hii. Ulisemaka nini?

NORBERT: Dada—

GODELIEVE: Mbele ya batu bote. Mbele ya batoto bangu. Sema, nikusaidie kukumbuka?

NORBERT: Nilikua na haraka siku ile, wageni bali—

GODELIEVE: "Hii sauti imekufa, tuizike. Mama huyu tangu leo atapikia wageni." Na ukacheka. Na bengine bakacheka kwa sababu we ni maestro, ukicheka wanafunzi wanacheka. Nikaenda nyuma ya kanisa, nikakoroga bugali. Na huku ndani munaimba wimbo yangu.

NORBERT: Nilikosa. Bon, nilikosa kidogo.

GODELIEVE: Kidogo.

NORBERT: Nakuomba musamaha, kwa jina la Yesu. Nipe tu ile besi.

GODELIEVE: Musamaha na besi, byote kwa simu moja. Umeweka unités ngapi?

NORBERT: Usinicheke. Nasikia kuko kelele nyuma yako. Ni nini inagonga?

GODELIEVE: Masufuria.

NORBERT: Ah. Kumbe bado... unapika.

GODELIEVE: Ndiyo. Bado napika.

[Laini inakwaruza.]

NORBERT: Haloo? Umesema?

GODELIEVE: Sikusema. Sikiliza, nikuambie kitu, na usinikate. Nilirudi nyumbani, nikalala, nikageukia ukuta. Mutu akibisha sijibu. Nikijibu batasema Godelieve ameficha mwanaume ndani.

NORBERT: [anacheka]

GODELIEVE: Cheka tu. Mimi pia nilicheka, lakini baadaye sana. Nilifunga, nikaomba. Nikasema, Bwana, ulinipa kitu kimoja na umekitwaa, nikutumikie na nini? Kimya. Asubuhi moja nasikia mutu anaimba nyuma ya nyumba, mu shamba ya muhogo. Chini, chini kabisa, sawa ngoma inapigwa mbali. Nikatoka. Ni Kezimana.

NORBERT: Kezimana ni nani?

GODELIEVE: Mama mukimbizi, wa Burundi. Analima pale. Aliponiona akafunga kinywa. Kwao balimwambia sauti yake ni ya mwanaume, asiimbe mu kanisa, anatisha batoto. Nikamujibu na hii yangu, nikasema, "Mama, hata mimi." Tuliangaliana, Norbert. Tukacheka mpaka tukakaa chini mu udongo.

NORBERT: Sawa, ni hadithi nzuri, lakini unités—

GODELIEVE: Nilijua pale. Koo ndiyo ilikufa. Sikio haikufa. Mi bado nasikia sauti inne pamoja mu kichwa, na najua nani awekwe wapi. Nilichukua bamama bote baliokatazwa kuimba. Mwenye sauti ya chura, ya jogoo, mwenye kigugumizi. Kigugumizi kinaisha akiimba, ulijua?

NORBERT: Hapana.

GODELIEVE: We haungejua. Unachaguaka bale baliokwisha kuiva.

[Mlio mufupi mu simu.]

NORBERT: Unasikia? Simu inanionya. Godelieve, kwa huruma ya Mungu. Besi ilikuaka namna gani?

GODELIEVE: Haikuwako. Wakati unaondoka na wimbo, besi ilikua bado kuzaliwa. Haungeiiba hata ungetaka.

NORBERT: Sasa?

GODELIEVE: Sasa iko. Ilikuja nikiwa nimegeukia ukuta. Ilikuja mu hii sauti uliyozika.

NORBERT: Nipe. Chochote unataka. Nitasema jina lako mu shukrani.

GODELIEVE: Mu shukrani, pamoja na mwenye kutoa viti?

NORBERT: Unataka nini, basi?

GODELIEVE: Kwaya yako iko hapo?

NORBERT: Bote. Bako banakunywa maji.

GODELIEVE: Roger yuko? Roger wa besi?

NORBERT: Yuko. Amekaa ku kiti yake sawa kawaida.

GODELIEVE: Besi haifundishwi kupitia mutu wa tatu. Weka haut-parleur. Bote basikie. Nitawafundisha mwenyewe.

NORBERT: Kweli? Utatoa?

GODELIEVE: Nimesema bote basikie.

NORBERT: Mungu akubariki! Ngoja. Ngoja... Bandugu! Nyamazeni! Kuko mama mumoja wa Baraka, anatusaidia kidogo na ile sehemu nilikua nawaambia. Karibu na simu. Roger, shika, mi mikono yangu iko na jasho. Shika juu. Haloo? Dada, banakusikia.

GODELIEVE: Bwana asifiwe, kwaya ya Fizi.

[Sauti nyingi kwa mbali: Amina!]

NORBERT: Banajibu, Amina.

GODELIEVE: Nimesikia. Ndugu zangu, nisamehe sauti. Kabla ya kufundisha nataka kujua munaimbaka namna gani, nisiharibu. Maestro, we ndiye mutungaji. Uimbe besi, mimi nifuate.

NORBERT: Mimi?

GODELIEVE: Mwanzo tu. Mama anaita, "Nani yuko nyuma yangu?" Besi inasema nini?

NORBERT: Dada, hatukupatana hi—

GODELIEVE: Neno la kwanza. Sio lazima uimbe. Litaje tu.

NORBERT: [kimya]

GODELIEVE: Ni wimbo umezaa mwenyewe, Maestro. Baba anajua mutoto wake iko na miguu ngapi.

NORBERT: Roger, toa haut-parleur.

GODELIEVE: Roger, shika juu.

NORBERT: Roger!

[Minong'ono. Kiti kinaburutwa.]

GODELIEVE: Roger, kaka yangu, ni mimi Godelieve. Ulisimama nyuma yangu mu kwaya ya Baraka, kabla ufuate Maestro huku Fizi. Tukitembea ku répétition ulikua unanibebea mutoto. Unakumbuka nilikuambia nini siku ya mwisho?

NORBERT: Anatikisa kichwa. Godelieve, acha. Umeniangusha, inatosha.

GODELIEVE: Anatikisa namna gani? Ndiyo ao hapana?

NORBERT: [taratibu] Ndiyo.

GODELIEVE: Nilikuambia, "Roger, yako bado, uningojee." Umengoja mingi. Basi ni hii, sikiliza, nitaimba mara moja. Usinihurumie koo. [anaimba, chini, sauti ikikwaruza] "Mama, unaenda wapi? Leta mzigo wako. Mama, unaenda wapi? Niko hapa, niko hapa."

[Laini inakwaruza.]

NORBERT: [kwa sauti ndogo] Ee Yesu.

GODELIEVE: Ndiyo anayemujibu. Alikua hapo wakati wote. Mulikua munaimba juu yake.

NORBERT: Basoprano banalia.

GODELIEVE: Acha balie. Wewe?

NORBERT: Mimi nini?

GODELIEVE: Hakuna. Nauliza tu.

NORBERT: Imba tena. Imba mara ya pili, besi bashike, nakuomba. Iko na mwisho, najua iko na mwisho! Haiwezi kuishia pale.

GODELIEVE: Iko na mwisho.

NORBERT: Toa basi!

GODELIEVE: Mwisho utasikia kesho. Uliona programme ya jubilé?

NORBERT: Niliona. Sisi ni ba tatu.

GODELIEVE: Na ba pili?

NORBERT: Ba pili ni... bamama fulani. Ba Baraka. Nilifikiri bamewekwa vile tu. Nilifikiri banakuja kupika.

GODELIEVE: [kimya]

NORBERT: Godelieve?

GODELIEVE: Umeanza tena.

NORBERT: Ni nyinyi. Ee Mungu, ni nyinyi. Muko munaimba wimbo gani? Godelieve, kesho mutaimba wimbo gani?

GODELIEVE: Unauliza kitu unajua?

NORBERT: Mbele yetu? Wimbo moja, mbele yetu, na sauti inne? Mbele ya Pasta wa Uvira? Nitapanda nyuma yenu na uso gani?

GODELIEVE: Ule ule ulikua nao siku ya bandeji.

NORBERT: We ni mutu wa maombi! Hii ni kisasi!

GODELIEVE: Ndiyo.

NORBERT: Unakubali?

GODELIEVE: Nimemuomba Mungu anitoe hii uchungu, Norbert. Nimefunga juu yake. Akanitoa aibu. Akanitoa woga, akanitoa hata kulia. Huu mumoja tu aliniachia. Kesho jubilé ikiisha nitamurudishia, nimemwahidi. Leo bado ni wangu.

NORBERT: Badilisha wimbo. Imbeni ingine. Nitafanya kitu chochote unataka.

GODELIEVE: Roger, bado unanisikia? Na bale bengine ba besi?

NORBERT: Usisemeshe batu bangu!

GODELIEVE: Kwangu besi ni mimi na Kezimana peke yetu. Tunaiweza, lakini mulima ule unahitaji migongo mingi. Naitafutia besi banaume. Nafundisha namna yangu, sauti moja peke yake, ana kwa ana, jua likiwa bado liko. Sifundishi mu simu.

NORBERT: Baraka ni mbali. Hata pikipiki saa hii—

GODELIEVE: Nani amesema Baraka?

NORBERT: Yale masufuria.

GODELIEVE: Lori ilituleta leo mchana. Tuko hapa Fizi, mu nyumba ya mama Dorothée aliyetupokea, nyuma ya soko. Munaona moshi? Ukisimama ku mlango ya kanisa yenu unaona moshi.

[Viti vinaburutwa.]

NORBERT: Kaeni! Hakuna mutu anatoka! Répétition haijaisha!

GODELIEVE: Nasikia viatu.

NORBERT: Banajinyoosha tu.

GODELIEVE: Hapana. Soprano hatembei hivyo. Ile ni besi inatembea.

NORBERT: Godelieve, nani ataimba na mimi kesho? Nitaongoza nani?

GODELIEVE: Kesho kuko wageni wengi, Maestro. Kuko mbuzi, kuko bugali ya batu ba kanisa zote. Jikoni batahitaji mutu wa nguvu. Si kazi ya aibu, niliifanya mimi.

NORBERT: Hauwezi kunifanyia—

GODELIEVE: Usiweke chumvi mingi, wageni ba Uvira hawapendi.

[Mlio wa onyo tena, mrefu.]

NORBERT: Unités zinaisha. Dada. Godelieve, sema neno moja nzuri kabla zikatike. Moja tu. Roger! We Roger, rudisha simu! Mbona umeiacha ku kiti? We! Na we pia? Munaenda wapi? Jamani, munaenda wapi?

GODELIEVE: Voilà.

NORBERT: Nini?

GODELIEVE: Ndiyo maneno yake hayo. Umeanza kuijua besi. Imebaki tu "Leta mzigo wako."

NORBERT: Godelieve, mi na—

[Simu inakatika.]

GODELIEVE: Haloo? Haloo, Norbert? Bon... Kezimana! Kezimana, mama, ongeza unga mu sufuria ile kubwa. Ndiyo, mingi. Tuna wageni.